Malori Yaliyoshuka Kimya

Mdogo wangu kipenzi,

Pokea salamu zangu, nazo zikukute umekaa vizuri, miguu imepungua uvimbe na shemeji ameacha kile kikohozi chake cha kuamsha majirani. Watoto nao je? Yule wa mwisho bado anakula sabuni? Sisi huku tunapumua. Mimi ni mzima, mkahawa umesimama, na chai yangu haina mpinzani barabara hii yote, hata wanaonichukia wanakubali. Mwandiko usiucheke. Shuleni nilikuwa nasifiwa kabla hawajanitoa, ila leo naandikia kwenye meza yenye mafuta.

Umeniuliza kama ni kweli mwanao, huyu niliyemzaa mimi, amenyang'anywa leseni. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba madereva wote wa hapa wanamtafuta mtu aliyewachongea, na wameapa wakimjua hatafanya tena kazi yoyote kwenye kituo hiki cha mafuta. Tulia nikueleze mwenyewe, maana kwa watu utapata vipande vipande, tena vilivyotiwa chumvi.

Mwanao unamjua. Lile lori la saruji la tajiri wake, wengine wakilishika linanguruma kama ng'ombe mgonjwa, akilishika yeye linaimba. Madereva wenzake wakampa jina la Radi kwa ajili ya mwendo. Analirudisha nyuma kwenye uchochoro ambao mimi na beseni langu tunapita kwa ubavu. Tajiri alishatamka mbele za watu kwamba angekuwa na watatu wa namna hiyo angelala mchana kutwa. Na tumbo lililomzaa ni hili, asisahau mtu.

Basi mafuta yakaanza kupanda. Kila kukicha yule msichana wa pampu alipanda ngazi kubadilisha namba kwenye ubao wa bei, na kila kukicha madereva walisimama chini ya ngazi kumtukana, kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuyachimba hayo mafuta akayaficha kwao. Mmoja alimwuliza kama siku hizi wanachanganya na asali humo ndani. Mwingine akamwambia kujaza hawezi tena, amtajie tu bei ya kunusa. Zamani msichana alikuwa akijibu, mdomo anao. Sasa anajaza tangi akitazama chini.

Hayo hayajapoa, wakaja watu wa barabara na vibao vipya vya mwendo. Palipokuwa themanini pakawa hamsini. Eti tukienda polepole mafuta yatatosha kila mtu. Mdogo wangu, matusi niliyosikia juma lile sijawahi kuyasikia hata kwa walevi. Yule dereva wa basi mwenye tumbo, wanayemwita Bwana Honi, alisema sasa wamembana mtu huku na huku, mafuta anauziwa kama dawa ya hospitali, kisha anaamriwa atembee kama anapeleka maiti. Watu wakapiga meza kwa kicheko, lakini hakuna aliyecheka kwa furaha. Kibao cha kwanza walikipaka oili chafu. Cha pili waliking'oa, nikakikuta kimeegemezwa chooni kwangu badala ya mlango, hamsini inatazama nje.

Kuna siku walipatana waitii sheria mpaka ikome yenyewe. Wakajipanga safu mbili, mabasi kwa malori, wakaenda mwendo wa bibi harusi. Barabara ikaziba hadi usiulize. Wenye magari madogo huko nyuma walipiga honi mpaka zikakauka, na wetu wakatoa mikono madirishani wakiwaonyesha kibao. Afande wa barabarani akabaki na kidude chake cha kupimia mwendo, hana wa kumkamata. Kila aliyempita alimwuliza kama hicho kidude kinapima na njaa.

Na mimi sikuwa nyuma. Nilikuwa nawamiminia chai na matusi kwa pamoja. Nilisema sheria ile imeandikwa na watu ambao hata gia ya kwanza hawajui iko upande gani. Wakanipa cheo, Waziri wa Barabara. Nikakipenda, nisikudanganye.

Lakini hasira ilipotoka mezani ikapanda ndani ya magari, ikawa kitu kingine. Unaukumbuka huu mteremko unaoanzia kule juu kwenye mnara wa simu, ukapita nyuma ya jiko langu, ukaishia hapa penye pampu. Zamani malori yalishuka kwa gia ndogo yakilia, vikombe vikitetemeka kabatini. Sasa tajiri anachovya kijiti kwenye tangi kabla ya safari na baada ya safari, na mafuta yakipungua kuliko anavyotaka dereva anakatwa mshahara. Huko tambarare nako afande anangoja, huwezi kukimbia ukafidia muda. Pamebaki mteremko. Wakifika juu wanatoa gia, wanazima injini, wanaliachia gari liteleze kwa uzito wake mpaka chini. Tone haliliwi, na mwendo unapita hata ule wa zamani. Wakawa wanashindana nani atafika mbali zaidi kabla ya kuwasha. Mwanangu akawashinda wote, aliteleza mpaka mbele ya pampu, na mimi nikampa chai ya bure mbele yao.

Mtu mmoja tu aliwakataza, yule mzee mpole anayeziba matairi, tunayemwita Pancha. Aliwaambia lori likizimwa breki hazipati upepo mpya, ukikanyaga mara chache zinaisha, na usukani unakuwa mgumu. Wakamwambia akae na vipira vyake, ya wanaume awaachie wanaume. Nikacheka nao. Ila tangu hapo sikio langu likakosa raha. Lori la mwanangu ningelitambua kwa mlio kati ya malori mia. Sasa niko jikoni nageuza mayai, nasikia shwaaa tu nyuma ya ukuta, kitu kizito kimepita, na sijui kama ni wangu au wa mwanamke mwenzangu.

Kisha ikaja siku yenyewe, mchana kweupe. Shwaaa, halafu kishindo. Nikatoka na mwiko mkononi. Lori la mwanangu limepanda kwenye lundo la mchanga wa mafundi ujenzi, pale pale wanafunzi wanaposimama wakingoja kuvuka. Siku hiyo hawakuwapo, kengele ilikuwa haijalia. Mifuko ya saruji ilikuwa imepasuka, na yeye akashuka mweupe kama aliyetoka kaburini, anacheka. Madereva wakambeba mabegani. Bwana Honi akasema huyo hakupata ajali, ameegesha. Wakamleta mezani, akawasimulia kwa madoido, na mimi nikapiga makofi nikasema mwingine yeyote angekuwa ameshakufa, huyu ni mwanangu.

Nikainama kuokota kijiko. Chini ya meza, mdogo wangu, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena kwa nguvu mpaka soli inalia. Huku juu anawachekesha watu. Huku chini bado anatafuta breki.

Nikadhani amekoma. Lori lilipotengenezwa tu, safari ya kwanza, akazima tena pale pale mnarani. Nilimshika shati, nikamsihi kama mtoto mdogo. Akaniuliza tangu lini Waziri wa Barabara akahamia upande wa vibao. Akasema akirudi na tangi tupu tajiri atampa mwingine usukani, na wako kumi wanaungoja. Akaniomba nisimwaibishe mbele za wenzake. Akanibusu kipaji cha uso akaondoka.

Haukupita muda afande akahama kule tambarare. Akaja kusimama nyuma ya jiko langu, bila kidude, anasikiliza tu. Lori lililoshuka likilia aliliacha lipite. Lililoshuka kimya alimpigia simu mwenzake wa chini, likadakwa pale pale. Mimi nilimmwagia maji ya kuoshea vyombo karibu na viatu vyake, madereva wakashangilia. Hadi jioni walikuwa wamekusanya leseni za kujaza kofia. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mwanao.

Hapo ndipo kituo kilipogeuka moto. Wakasema polisi hana akili ya kusikiliza ukimya, lazima amefundishwa na mtu wa ndani. Nani aliwakataza? Pancha. Basi ni Pancha. Wakamwaga beseni lake la maji, wakatupa pampu yake ya upepo mtaroni, wakamwita jina ambalo siwezi kuliandika. Anayempelekea tairi anahesabiwa adui. Aliyelipiga lile beseni teke, mdogo wangu, ni mwanao. Mzee aliokota sabuni yake akafunga kibanda, na hajaonekana tena.

Sasa kaa chini kama umesimama. Si Pancha. Ni mimi.

Nilivaa gauni langu la kutokea, nikaenda kwa miguu mpaka kituo cha polisi wa barabarani. Afande aliponiona alirudi nyuma, akijua nimekuja kumtukana. Nikamwambia kidude chake akitupe, atumie masikio. Nikamwambia asimame wapi na asikilize nini. Akaniuliza aanze na lori gani, na mimi nikamtajia namba ya lori la mwanangu, namba yote, mpaka herufi ya mwisho. Sikutaka aje mtu aseme nimewachongea watoto wa wenzangu nikamficha wangu. Na yale maji ya vyombo tulipatana, ingawa kiatu kimoja nilikilowesha kwa kusudi, kwa ajili ya zile faini zake za zamani.

Jana alasiri nilimwambia mwanao, yeye kwanza kabla ya mtu yeyote. Akaniuliza wamenilipa shilingi ngapi. Nimetukanwa na kila aina ya mtu hapa barabarani na sijawahi kulia, lakini hilo lilinikata maini. Nikamweleza mguu wake chini ya meza. Akasema kama nilikuwa naangalia miguu ya watu ningefungua duka la viatu. Akasema mama za wenzake huuza vitu wakawapa watoto, yeye mama yake amemwuza yeye. Nikamjibu akasirike apendavyo, lakini wa kukasirika lazima awepo. Akatia nguo kwenye mfuko, na leo asubuhi nimekuta kitanda kimetandikwa, kitu ambacho hajakifanya tangu azaliwe.

Hana pengine pa kwenda ila kwako. Nakuomba akifika umpokee, umpe maji ya kuoga na chakula cha kutosha, maana akinuna anakula sana. Akinitukana mwache amalize. Usinitetee, usije ukagombana naye na wewe akakosa mama mdogo pia. Shemeji naye mwambie funguo za gari asiziache ovyo mezani. Na umwambie mwanao, lakini kama neno lako si langu, kwamba lile beseni atalirudisha kwa mkono wake.

Mimi kesho asubuhi, wakishajaa wote na kila mtu ana kikombe mkononi, nitasimama mbele ya birika niwaambie. Pancha hawezi kukaa nyumbani kwa ajili yangu siku nyingine zaidi. Najua watakavyofanya. Bwana Honi atageuza meza ya kwanza, yeye hupenda kuanza. Wageuze, nilizinunua mimi. Wahamie mkahawa wa ng'ambo ya barabara wakanywe yale maji ya moto anayoyaita chai yule mwanamke. Ila na mimi nitawatukana kabla hawajamaliza kunitukana, maana mafuta bado ni ghali, na watu wa vibao bado hawajui gia ya kwanza iko upande gani, hilo silirudishi nyuma kwa yeyote.

Usiniandikie kama nilikosea au nilipatia. Niandikie kama amefika, na kama analala. Msalimie shemeji na kifua chake, wapakate watoto wote kwa niaba yangu, na majirani zako wale wanaonikumbuka waambie bado nipo na bado nina sauti.

Mimi dada yako mkubwa,
mama wa dereva bora kuliko wote, hata akinikana.