Kiwanja ni cha Nyumba Iliyosimama

Goma, 11 Aprili 2021

Papa,

Mama Philomène, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa hospitali yetu, alisoma orodha jana mbele ya chumba cha kufulia: viwanja kumi na viwili, na jina langu ni la saba. Unisamehe, nimetanguliza habari kabla ya salamu. Huko Rutshuru mko wazima? Goti lako je? Masikio yako yangekubali simu ningekupigia, lakini afadhali barua kwa mkono wa Hemedi, anapita kesho na lori lake.

Kiwanja kiko juu ya mawe ya volkano ya 2002, dakika kumi kutoka kazini. Huku Himbi wenye nyumba wanapangisha mashirika kwa dola. Sisi tunaofua mashuka ya wagonjwa tunalala Mugunga. Natembea saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Sheria ya chama ni moja: kiwanja ni cha mwenye nyumba iliyosimama. Kila mtu alete mbao zake.

Mutoto wako,
Nishimwe

Rutshuru, 2 Mei 2021

Mutoto wangu,

Tuko wazima. Goti linauma wakati wa mvua, na mvua ni kila siku. Hemedi anakuletea mbao zote nilizokuwa nimekaushia ghala la maharage. Ghala litangoja. Kila ubao una namba ya makaa, ujue unapokaa. Misumari iwe michache.

Mwaka 2002 majirani zetu wa Goma walikimbia na magodoro. Mimi nilifungua nyumba ubao kwa ubao kwa saa tatu, nikaondoka nayo. Mlima ukianza tena, fungua nyumba kwanza. Hemedi ananicheka: "Muzee, unajenga nyumba ao unapakia mizigo?" Mwambie aendeshe polepole.

Papa yako,
Sebahire

Goma, 20 Juni 2021

Papa,

Natumaini matetemeko hayakuwasumbua sana. Mimi sijaumia.

Nyumba ilisimama tarehe 15 Mei. Mlima ulilipuka tarehe 22, na tarehe 27 tuliamriwa kuhama. Nilifanya ulivyosema. Niliifungua, Hemedi akaibeba pamoja nami mpaka Sake. Lava haikufika kwetu. Nyumba nyingine kumi na moja ziko palepale, zina nyufa tu.

Komite ya chama ilipita kuhesabu nyumba tarehe 12 mwezi huu, kabla sijarudi. Kiwanja changu kilikuwa mawe matupu, wakampa Mulumeoderhwa, fundi wa jenereta ya hospitali. Nyumba yake iliungua Buhene, na ana watoto watatu. Nilimkuta anapigilia misumari.

Nilikwenda kwa Mama Philomène mbele ya wote. Akasema: "Weye Nishimwe, ulibeba nyumba mugongo sawa konokono! Komite ingejua namna gani kama utarudi?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kufua. Wameniandika wa kwanza kwenye orodha ya kungoja. Nimerudi Mugunga.

Mutoto wako,
Nishimwe

Rutshuru, 4 Julai 2021

Mutoto wangu,

Pole na safari za miguu. Kosa ni langu. Nilikushauri kama mtu mwenye kiwanja chake mwenyewe, na chako ni cha chama. Mpe Hemedi mbao azirudishe. Huko Mugunga zitaoza au zitaibiwa. Nitazitunza mpaka zamu yako ifike. Yule fundi usimchukie.

Papa yako,
Sebahire

Goma, 20 Novemba 2022

Papa,

Uko mzima? Tangu waasi waingie Rutshuru nimekuandikia mara mbili bila jibu. Hemedi hawezi kupita. Barua hii anaileta Nsimire, muuza maharage, anayejua njia za miguu. Ukishindwa kuandika, mpe neno tu.

Kiwanja cha tatu kimeachwa, muuguzi wake ameuza mbao za nyumba yake, akahamia Bukavu. Ni zamu yangu. Lakini mji umejaa waliokimbia vita, na mbao zimepanda bei mpaka sithubutu kuuliza. Zangu bado zipo? Hata nusu.

Mutoto wako,
Nishimwe

Rutshuru, 29 Novemba 2022

Mutoto wangu,

Niko mzima. Mbao hakuna.

Tarehe 27 Oktoba bomu lilianguka kando ya bomba la maji. Watu sita. Seremala alikuwa amekimbia. Mimi na jirani yetu Nyiransabimana tulitengeneza masanduku kwa mbao zako. Nilifuta namba za makaa kwanza, wenye wafu wasizisome. Sikukuuliza, maiti hazingengoja jibu lako. Zilizobaki watu waliolala uani kwangu walizifanya kuni za kupikia. Hawakuniuliza nao.

Kosa hili la pili pia ni langu.

Papa yako,
Sebahire

Goma, 11 Desemba 2022

Papa,

Nashukuru uko mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ningefanya vilevile, kwa hiyo usiniandikie tena habari ya kosa.

Nimesimamisha fito za mianzi na turubai kwenye kiwanja cha tatu. Mulumeoderhwa alileta mlango wa nyuma wa nyumba yake, akasema: "Watoto wangu wanatoroka sana, mlango mmoja unatosha." Aliupachika mwenyewe.

Jana nilimwita Mama Philomène. Alizunguka mara moja, akasukuma mlango, ukafunguka vizuri.

"Hii ni nyumba?"

"Nitalala ndani, Mama."

"Sikuuliza utalala wapi."

Nyuma yangu kwenye orodha kuna majina thelathini, na wawili wana mbao tayari. Alisema komite ndiyo itakayoamua kama imesimama. Komite itapita Jumamosi, tarehe 17 Desemba, saa mbili asubuhi.

Mutoto wako,
Nishimwe