Pete ya Rangi ya Chungwa

Tarehe 4 Machi

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Mama. Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu ambao siku hizi una maoni yake. Magoti ya Mama yanaendeleaje?

Najua umeshangaa kuuona mwandiko wangu. Miaka sita si michache. Namba yako ya simu ninayo, lakini kila nikitaka kupiga aibu inanitangulia, nakata kabla haijaita. Kwenye karatasi nitafika mwisho, maana huwezi kunikatia.

Dada, amplifaya ya Baba imezimika. Wiki iliyopita alinipigia simu yule mpiga ngoma wa bendi ya Baba. Kumbe ule ukumbi wa huko nyumbani waliokuwa wakipiga kila Jumamosi utavunjwa mwisho wa mwezi wa tano. Katika bendi wamebaki watatu, na wanataka kupiga humo mara moja ya mwisho, tarehe 20 Mei. Gitaa nishike mimi, na nije na amplifaya ile ile aliyoiunda Baba kwa mkono. "Bila ule mngurumo," aliniambia, "tutakuwa wazee watatu wanaopiga madebe."

Tangu niichukue siku ile ya maziko ya Baba sikuwahi kuiwasha. Ilikaa pembeni ya kabati, nimeifunika shuka. Basi nikaifunua, nikachomeka, nikawasha. Zile taa zake za kioo zikaanza kuwa nyekundu taratibu kama zamani, nikafurahi. Halafu ukaja mvumo mzito, kikapasuka kitu ndani, ikatoka harufu mbaya na fyuzi ikakatika.

Mtaa huu fundi ni mmoja tu, naye ni fundi wa simu. Anasema taa za namna hiyo aliziona mara ya mwisho kwa babu yake, na shauri lake ni tuitoe matumbo yote tuweke bodi mpya. Nimemkatalia. Hakuna mwingine anayeijua amplifaya hii ila wewe. Ikiwa bado una hasira nami, basi inusuru kwa ajili ya Baba.

Mdogo wako,
Kelele


Tarehe 19 Machi

Kelele,

Salamu zimefika. Mama mzima. Magoti yanamgomea asubuhi, jioni yanampa ruhusa ya kwenda kugombana na majirani. Mimi pia mzima.

Umeiwasha ghafla amplifaya iliyolala miaka sita. Hata mtu ukimwamsha kwa teke hatakuamkia. Ndani kuna makopo matatu ya alumini, ni kapasita, hizo ndizo zinazotunza umeme. Zikikaa muda mrefu bila kazi hukauka, na siku ukizishtua hupasuka. Naamini kilichopasuka ni mojawapo, na taa zako ni nzima.

Fanya hivi. Chomoa kwenye ukuta, uiache mpaka kesho yake. Hata hapo usiiamini, kwa sababu makopo hayo yanaweza kubaki na umeme wa kumwangusha ng'ombe. Huyo fundi wako ayamalize nguvu kwanza, na kila anayeingiza mkono mle ndani aweke mkono wa pili mfukoni. Unakumbuka sheria ya Baba: umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea mwingine, njia yake inapita moyoni. Abadilishe makopo yote matatu, siyo lile bovu peke yake.

Kabla ya kuwasha, pitisheni umeme kwenye balbu ya kawaida ya wati mia moja kwanza, ndipo uingie kwenye amplifaya. Balbu ikiwaka kwa nguvu halafu ikafifia, mambo ni mazuri. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, zimeni, bado kuna ugonjwa.

Vingine vyote msiviguse. Hata mkiona kitu hakifanani na mchoro wa Baba uliobandikwa ndani ya kifuniko, msikiguse. Usiniulize kwa nini.

Mambo mengine sina la kuyaandika kwa sasa.

Dada yako


Tarehe 11 Aprili

Mpendwa Dada,

Hamjambo huko? Mama ameamkaje? Mwambie nimeshamnunulia ile dawa ya kuchua, nitaituma.

Ahsante sana, Dada. Ahsante kwa mambo yote uliyoyaandika, na hata kwa lile uliloliruka.

Tulifungua Jumamosi. Kifuniko kilipotoka ikatoka na harufu ya karakana ya Baba: risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, vumbi lililopata moto, mbao za lile kabati la zamani alilolivunja Baba kutengenezea sanduku. Nilikaa chini. Nilimwona Baba kabisa, penseli sikioni, kainama, anauimbia uzi wa gitaa ili ukae sawa. Na wewe ukifagia vipande vya risasi chini ya meza. Fundi wa simu alidhani nimepigwa na umeme.

Mkono mfukoni niliweka. Yeye suruali yake haina mfuko, ikabidi ashike mkanda. Makopo matatu yakabadilishwa, tukaiweka ile balbu. Ikawaka kali, halafu ikafifia kama ulivyosema. Imefufuka.

Sasa nikuambie lililobaki, na tafadhali usiichane barua kabla ya kumaliza. Fundi alipokuwa akipimapima na mita yake alikuta rezista moja ndogo, kile kidude cha kupunguza umeme, haifanani na mchoro. Baba ameandika elfu moja, iliyokuwemo ilikuwa elfu kumi. Onyo lako nililikumbuka. Lakini mchoro ni mwandiko wa Baba, Dada. Nikajiambia labda kuna fundi fulani aliyeiharibia kazi yake baadaye. Nikasema iwe kama Baba alivyoandika. Akaitoa, akatia ya elfu moja.

Nikachomeka gitaa. Haina mvumo, haina mkwaruzo, inaimba safi. Fundi alifurahi sana. Mimi nikapiga tena, nikatega sikio. Ule mngurumo haupo. Ule ambao ukipiga uzi mnene unauhisi kwenye mbavu kabla ya masikio, umekwenda. Nimepiga siku nne mfululizo, mke wangu ameniomba nipumzike. Ni sauti nzuri ya mtu nisiyemjua.

Ile rezista ya zamani ilishafagiwa na kutupwa. Na sijui kama kweli sababu ni hiyo, au nimeharibu kitu kingine. Nimekosa nini, Dada?

Mdogo wako,
Kelele


Tarehe 26 Aprili

Dada,

Shikamoo ya haraka. Sijapata jibu. Inawezekana barua imepotea, inawezekana umekasirika, na ukikasirika una haki. Nimemwambia mpiga ngoma huenda nisije. Sitaki kwenda kuwapigia watu pale na sauti ambayo si ya Baba.

Mdogo wako


Tarehe 30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na Mama anasema dawa isije bila mwenye kuileta.

Barua zako mbili zimefika siku moja, na safari hii sikuchelewa kwa hasira. Jibu hili nimeliandika mara tatu. La kwanza na la pili Mama ameyawashia jiko, anasema hata hakusoma, alitazama uso wangu tu.

Mkosaji ni mimi, na kosa lenyewe lina miaka thelathini na minane.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wewe wa kubebwa bado. Mvua ilinyesha siku tatu. Baba akafunga dirisha la karakana, tukabaki na ile balbu ya njano iliyofanya kila kitu kionekane kama kimekaangwa. Amplifaya ilikuwa karibu kwisha, na akanipa heshima ya kulehemu rezista zilizobaki. Kile ni kidude kidogo kama punje ya mchele, kina pete za rangi, na kila rangi ni namba. Kahawia, nyeusi, nyekundu, hiyo ni elfu moja. Kila siku aliniambia nipime na mita kwanza. Siku ile nilitaka anione nimekuwa fundi, nasoma kwa macho. Kwenye mwanga ule nyekundu na rangi ya chungwa hazina ugomvi. Nikachukua kahawia, nyeusi, chungwa. Elfu kumi. Na nikailehemu vizuri, ikang'aa kama jino jipya.

Baba akachomeka gitaa, akapiga ule uzi mnene. Uliotoka unaujua.

Akapiga tena. Akazima, akasubiri, akachukua mita, akapima kimoja baada ya kingine, mkono mfukoni, mpaka akafika kwenye cha kwangu. Mimi nimeshaanza kulia. Akasema, "Bisibisi," ndivyo alivyoniita, "umekosea." Akanifuta machozi na kile kitambaa chake kichafu, nikabaki na weusi usoni siku nzima. Halafu akasema, "Na atakayeligusa kosa hili nitamvunja vidole."

Mchoro hakuubadilisha. Alisema mchoro ni wa kufundishia watu, na kosa halifundishwi. Wapiga gitaa wa bendi nyingine walikuja kumbembeleza awaambie mngurumo unatoka wapi, naye akawajibu ni siri ya karakana, huku akinikonyeza. Alinikonyeza hivyo miaka na miaka. Sikutaka malipo mengine.

Siku ya maziko ulisimama mbele ya watu ukasema amplifaya itakwenda kwa mwenye muziki, si kwa mfagia risasi. Ningeweza kukujibu. Lakini ningemvua Baba nguo na kaburi halijafukiwa vizuri, watu wote wale wakiamini ile ni akili yake. Hiyo ndiyo sababu nzuri, ya kumwambia mtu. Ya pili ni kwamba nilitaka ujue mwenyewe bila kuambiwa, na usipojua nipate kukuchukia kwa raha. Ni kiburi hicho hicho kilichoandika "usiniulize kwa nini". Ningekuambia kwa nini, usingeigusa.

Nimekubandikia rezista mbili hapa chini, moja ikipotea ubaki na nyingine. Nimezipima na mita. Mwambie fundi wa simu atoe ile, atie hii, ni kazi ya dakika kumi, na tarehe 20 utaiwahi. Nenda ukapige, Kelele. Usiwanyime wazee wale.

Nilikuchukia kidogo. Kukukumbuka ilikuwa kila siku.

Dada yako


Tarehe 12 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Msalimie Mama, mwambie dawa nitaileta kwa mkono.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisomea ndani, kisha mke wangu akaisoma kwa sauti.

Nimefikiri sana juu ya kule kufagia. Ninakumbuka ukifagia kwa sababu mimi nilikuwa naingia karakana kazi ikiwa imekwisha, nakuja kuchezea gitaa. Aliyelehemu ndiye aliyefagia. Mimi nikauona ufagio tu, na siku ya maziko nikautangaza. Nisamehe, Dada. Nilikutukana mbele ya watu, na mbele ya watu nitayafuta. Wazee wale watatu walikuwapo makaburini, na tarehe 20 watakuwapo ukumbini. Kabla sijagusa uzi nitasimama niwaambie mngurumo ule ni wa nani. Baba hatavuliwa nguo. Fundi anayelijua kosa zuri akalilinda mpaka kufa hana cha kuonea haya.

Rezista zako zimefika salama. Fundi wa simu alikuja na vifaa, akawasha chuma cha kulehemu, kikapata moto. Nikamwambia azime. Alidhani tena nimepigwa na umeme.

Miaka yote, Dada, kabla sijaifunika shuka, nikiwa ukumbini au sebuleni, nikipiga ule uzi mnene nilikuwa nafumba macho nikidhani namsikia Baba. Kumbe nilikuwa nakusikia wewe. Sasa siwezi kumpa mtu mwingine aitie. Mkono uliokosea ndio utakaokosea tena.

Nakuja nayo Alhamisi, tarehe 18, basi linaingia saa tisa alasiri. Nimeikatia kiti chake, itakaa dirishani. Baada ya tarehe 20 itabaki hapo karakana kwako, na mimi nitakuwa nakuja kuipiga ukinikaribisha. Ikiwa ni mapema mno, usije kituoni. Nitaelewa, nitakwenda moja kwa moja kwa mpiga ngoma.

Mdogo wako,
Kelele


Ujumbe wa simu, Alhamisi tarehe 18 Mei, saa sita na nusu mchana

Kelele, niko kituoni. Najua basi ni la saa tisa, lakini nyumbani nilikuwa sikai wala sisimami, Mama akanifukuza. Nimekuja na mkokoteni, usiibebe mwenyewe na huo mgongo wenye maoni. Nina wasiwasi kidogo. Miaka thelathini na minane nimejifunza kutokosea, sijui kama bado naweza kukosea. Dada yako.