Abel Anataka Nimdanganye Daktari wa Timu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana sina wa kumwambia haya, mimi ni nesi hapa Riyadh na mume wangu Abel yuko Jeddah, anafundisha vijana wa klabu moja mbio za pikipiki za spidiwei, zile za kuzunguka uwanja wa vumbi na hazina breki hata kidogo, na mwenye klabu ndiye kafili wake, yaani mdhamini wa kibali chake cha kazi. Kazi hiyo ni ya miezi ya baridi tu, ikifika Aprili huenda Poland kushindania timu yake, mtoto wa Kitale ambaye akitangazwa jina uwanja mzima unasimama, nami najivunia ijapokuwa sijawahi kumwona akishindana, kwa sababu Poland sijafika na huku anafundisha tu, hashindani.

Mwezi uliopita alianguka mazoezini, pikipiki ya mwenzake ikamgonga kichwani akazimia, alipozinduka akasema halas, yameisha, niko sawa, akapanda tena. Nilipopata likizo nikaenda kwake nikakuta mtu mwingine. Anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliniuliza, "Ulikuja na basi ama ndege?" nikamjibu, tukala, akaniuliza tena, tukaosha vyombo, akaniuliza tena. Alitoka kununua mkate hapo hapo mtaa wa Karantina anakoishi, akanipigia simu akilia, "Nekesa, sioni njia ya kurudi." Nilitoka mbio kumtafuta, kumbe amesimama mbele ya mlango wetu.

Nilimsihi twende hospitali akapigwe picha ya kichwa akakataa. "Wale wa Poland wakijua hawanichukui tena," akasema. "Huu ndio msimu wangu mzuri wa mwisho. Ukisema, umenizika nikiwa hai." Sasa daktari wa timu ya Poland, kwa kuwa anajua mimi ni nesi, ameomba kuzungumza nami juu ya afya yake, na Abel ameniapisha niseme mafi mushkila, hana shida yoyote. Nikisema ukweli nimempoteza mume, nikidanganya sijui nitampoteza vipi. Nifanyeje?

Nekesa, Riyadh

Nekesa, pole sana. Lakini niruhusu nikugombeze, kwa sababu jibu unalo na unataka mimi nilibebe. Mgonjwa kama huyo angeletwa wodini kwako na mwanamke mwingine, ungemruhusu arudi kwenye pikipiki? Usingemruhusu hata kuendesha baiskeli.

Nimeuliza wanaojua mbio hizo, wakaniambia hukimbia wanne kwa pamoja. Abel akisahau alipo katikati ya kona, wale watatu hawakukubali kufa naye. Kiapo alichokulisha kinawahusu na wao, na hakuna aliyewauliza.

Abel si mtu mbaya. Anaogopa. Tangu ujana hajawa kitu kingine ila mwendesha pikipiki, na wewe ndiye unayeombwa umvue jina hilo. Kwa hiyo usimzunguke. Mwambie usoni: "Nitaulizwa, na nitasema ukweli. Anza wewe." Mpeleke hospitali wiki hii, na hadi daktari aseme vinginevyo asipande pikipiki, hata ya mazoezi. Halafu mwende pamoja kwa kafili, mmwombe abaki kufundisha akiwa amesimama pembeni. Vijana wanahitaji jicho lake, si lazima awatangulie kwenye vumbi.

Barua kama yako haingoji gazeti, ndiyo maana nilikupigia Jumatatu nikakwambia haya yote. Jana ukanieleza kwamba ulirudi Jeddah ukamwambia, akafoka, akajifungia chumbani, kisha akafungua mlango akasema, "Ongea naye wewe. Mimi nitasahau la kusema."

Basi mpigie daktari huyo leo, Abel akiwa ameketi kando yako akisikia kila neno. Na ukishakata simu, usikimbilie kumfariji kwa maneno. Mshike mkono, mwende hospitali.