Nywele za Bibi Zilizosukwa Nusu

Jumapili, 7 Machi

Leo nimempa wifi yangu vidonge vyake. Pale pale kwenye kamba ya nguo — yeye na mashuka yake, mimi na barakoa zangu. Nilizianika zote upande wangu, mstari mmoja, azione vizuri. Akaziona. Akasema, kumbe leo umefua vinyago. Vinyago!

Nyumba mbili, ua mmoja, kamba moja, na mama mmoja: mama mkwe wangu, ambaye kwa wifi ndiye mama mzazi. Analala kwangu, mchana anashinda kibarazani. Mwaka jana kifua kilimlaza hospitali mpaka ndugu wakaanza kuulizana kwa kunong'ona. Daktari alisema mafua tu yakimpata, hata haya ya kawaida, tusije tukasema hatukuambiwa. Sasa watoto wetu wako darasa moja, la pili, na wakitoka shule wote wanakimbilia kitandani kwa Bibi yao. Wangu, Chifu (tulimwita hivyo kwa jinsi anavyopenda kuamuru watu), anavaa barakoa. Binti wa wifi, Kidoti, havai. Mama yake hataki. Eti mtoto aachwe apumue. Kwani wangu anapumulia masikio?

Basi nikamwambia, kwa sauti ambayo jirani wa tatu ameisikia: huyo mtoto wako na huo mdomo wazi ndiye atakayemuua mama yenu!

Wifi akabeba beseni lake akaingia ndani. Kidoti alikuwa kibarazani anamsuka Bibi yake nywele, kazi yake ya kila Jumapili. Naye akainuka akamfuata mama yake. Kitana akakiacha kimening'inia kichwani kwa Bibi.

Nimejisikia vizuri sana. Kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Jumatatu, 8 Machi

Mwalimu Mkuu ametoa suluhisho. Wiki iliyopita wazazi walikaribia kushikana mashati getini, basi leo kachukua chaki akachora mstari katikati ya darasa la pili. Wenye barakoa wakae upande wa mlango, wasio na barakoa upande wa madirisha. Kila mzazi apate anachotaka. Virusi navyo, nadhani, vimepewa taarifa.

Kwenye grupu la wazazi moto umewaka kuanzia asubuhi. Mzee wa Katiba, baba mmoja ambaye hata mtoto akipewa kazi ya nyumbani hutaja haki za binadamu, ameuliza ni kifungu gani kinaruhusu mstari wa chaki. Mama Sanitaiza, ambaye hupulizia hata salamu, ameuliza nani atalinda mstari saa ya mapumziko. Mimi nimemuunga mkono kwa vidole gumba vitano.

Kazini, yale yale. Nakaa kaunta ya malalamiko, ofisi ya maji. Kioo mbele yangu, tundu dogo katikati. Mteja anavaa barakoa foleni nzima, mpole kabisa. Akifika kwenye tundu anaishusha ili anitukane vizuri.

Jioni Kidoti hakuingia chumbani kwa Bibi. Kasimama mlangoni, "Shikamoo Bibi," kisha mbio. Hata marahaba hakuisubiri! Kafundishwa na mama yake, najua. Dharau nayo siku hizi inaanza darasa la pili.

Jumanne, 9 Machi

Grupu limepasuka. Sasa kuna Wazazi Darasa la Pili, Wazazi Darasa la Pili Halisi, na Wazazi Tunataka Hewa. Niko katika yote matatu. La tatu naingia kwa laini ya mume wangu, kusoma tu.

Mama mkwe bado yuko na nusu kichwa. Kulia mistari imenyooka, mtoto ana mkono mzuri, hilo sitamnyima. Kushoto nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya. Nikamwambia, Mama, njoo nikumalizie. Akasema hapana, aliyeanza yupo. Leo kaenda hivyo hivyo mpaka dukani. Watu wamemwamkia upande mmoja wakishangaa upande wa pili!

Halafu, barakoa ya nyota ya Chifu nimeikuta kamba ya sikioni imetafunwa. Imelowa kabisa. Nimemuuliza, siku hizi unakula barakoa? Nimemsema mpaka nikachoka mwenyewe.

Jumatano, 10 Machi

Wifi kanitumia ujumbe kupitia kaka yake, yaani mume wangu. Kwa nini nimempiga marufuku binti yake kuingia kwa Bibi yake mwenyewe.

Mimi! Nimempiga marufuku mimi!

Nikamwambia mume wangu, nenda kamwambie dada yako aache kumfundisha mtoto kiburi halafu anisingizie. Akaenda. Akarudi. Anasema dada yake kasema mimi nina ulimi. Nikasema mwambie na yeye anao. Akasema amechoka, yeye si posta. Mume wangu katika vita hii hana upande: barakoa anaivaa kidevuni. Wenye barakoa wakimuuliza, anayo. Wasio nayo wakimuuliza, hajaivaa.

Nimechaguliwa kuzungumza Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi. "Mzazi wa mfano," Mama Sanitaiza ndivyo alivyoandika, na maua kumi. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Nina uso wa mkutano, sijui kwa nini sikugombea chochote maishani.

Mama mkwe uji hakumaliza. Kaniuliza taratibu, bila kunitazama: nimemkosea nini yule mtoto? Nikasema, Mama, muulize binti yako. Akageukia ukutani. Hata kile kitana cha Kidoti hajakitoa kitandani, kakilalia.

Haya, nimekasirika upya.

Alhamisi, 11 Machi

Ngoja nikae kwanza.

Leo nimeaga kazini, jino. Jino gani? Nilikwenda shule kupeleleza. Nilitaka niwakamate wale wa madirishani wakivuka mstari, nipige picha, Jumamosi niitoe mbele ya watu wote. Nikapita nyuma ya vyoo vya walimu, nikanyata hadi dirisha la darasa la pili, mimi mtu mzima, na mkoba wangu wa kazini. Nikachungulia.

Wa kwanza kumwona upande wa madirisha, mdomo wazi, meno yote nje, anacheka na mwenzake: Chifu. Wangu! Mwana wa mzazi wa mfano!

Nikatafuta nguzo nikaishika. Nikatazama tena. Upande wa mlango, dawati la mbele kabisa, kakaa peke yake, mgongo umenyooka kama yuko kwenye mtihani: Kidoti. Amevaa barakoa. Ya nyota. Niliyoifua juzi usiku kwa mikono yangu na kuikaripia. Kamba ya sikioni iko mdomoni, anaitafuna, kama anavyotafuna kola za sare zake tangu chekechea.

Sikupiga picha. Nilirudi kazini. Mteja mmoja kanitukana dakika nzima, sikumsikia hata neno.

Jioni nikamweka Chifu jikoni, mlango nikafunga. Nilikuwa na hasira zangu tayari, nimezipanga. Nikamuuliza, barakoa yako iko wapi ukiwa darasani? Kwa nini umempa Kidoti?

Akasema wanabadilishana njiani, kwenye kona ya duka la mkate, kwenda na kurudi. Nikasema, nauliza kwa nini. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. Akasema: si ulisema yeye ndiye atakayemuua Bibi? Sasa akivaa hatamuua. Kwao hawana, ndiyo nikampa yangu.

Na wewe je?

"Mimi hukunisema."

Nikamuuliza, na chumbani kwa Bibi mbona haingii? Akasema anaogopa. Akifika mlangoni anabana pumzi, akiishiwa anakimbia.

Basi. Hasira zangu zote nilizozipanga, sikupata pa kuziweka. Nimelia nikiwa nimeshika mwiko.

Ijumaa, 12 Machi

Nikimwambia wifi, nitamwambia na maneno niliyosema mimi. Aliyasikia lakini hajui yalivyomwingia mtoto. Nikinyamaza, mtoto anaendelea kubana pumzi mlangoni.

Na mkutano ni kesho. Na nimeshanyoosha gauni. (Angalia ninachowaza! Mtoto anadhani ni muuaji, mimi nawaza gauni.)

Jioni nilimsubiri Kidoti uani. Nikamwita, njoo mwanangu. Akaniona. Akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili akakimbia kwao.

Mama Sanitaiza kaniandikia: kesho wapige bila huruma.

Jumamosi, 13 Machi

Naandika jikoni. Nikiacha kuandika nitalazimika kutoka humu ndani, na siko tayari.

Mkutano. Ukumbi wa shule umejaa, wote wa barakoa mlangoni, wote wa hewa madirishani. Hata watu wazima nao wamejichorea mstari bila chaki. Mzee wa Katiba kasimama kuuliza kama mkutano ni halali. Mama Sanitaiza kashusha barakoa yake ili apaze sauti vizuri kwamba barakoa isishushwe. Nilitaka kucheka, nikakumbuka mimi hufanya hivyo hivyo.

Kisha akasimama wifi. Hakupaza sauti. Akasema binti yake alizaliwa kabla ya wakati. Akawekwa kwenye kisanduku cha kioo, mdomo na pua vimefungwa mpira wa hewa, na yeye akaambiwa asimguse. Akasema, mimi sina siasa, wala sibishani na daktari. Nikiona kitu mdomoni mwa mwanangu miguu inakufa ganzi, ndiyo hivyo tu. Akakaa.

Hayo nayajua! Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chai pale hospitali, namkuta amesimama kwenye kioo, nguo zile zile za jana. Nayajua, na bado Jumapili niliweza kusema yale niliyosema. Ningejificha chini ya kiti kama ningeenea.

Mwalimu Mkuu akasema tupige kura. Ukazuka ugomvi mwingine: kwa mikono au kwa karatasi? Kwa karatasi, lakini kalamu ya nani? Nani kaishika kabla? Zote zipuliziwe kwanza! Mama Sanitaiza akaanza kupulizia, wa madirishani wakaanza kukohoa, wa mlangoni wakasikia kikohozi wakaanza kutoka. Jina langu likaitwa. Mzazi wa mfano. Nikasimama na gauni langu lililonyooshwa — nikapita katikati ya watu nikatoka.

Nilikuwa natembea kwa kasi. Kumbe wifi nyuma anakimbia. Aliniona ninavyotoka akadhani nimepigiwa simu kuhusu Mama. "Mama ana nini? Wifi! Mama ana nini?" Mara ya kwanza ananisemesha mwenyewe tangu Jumapili. Nikasema hana kitu, twende tu. Hakuniamini. Tukaenda mbio hivyo hivyo, bega kwa bega.

Tukafungua mlango. Mume wangu kalala kwenye kochi, barakoa kidevuni. Kule mwisho wa korido, mbele ya chumba cha Bibi, Kidoti amesimama. Amevaa ya nyota. Mkono mmoja kashika barakoa nyingine ya Chifu, ya mistari. Mkono wa pili, kitana kipya.

Wifi hajawahi kumwona binti yake akiwa na kitu usoni tangu kile kioo. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Akashika ukuta.

Kidoti hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi. Akasema:

"Anti, nikivaa mbili naweza kuingia kwa Bibi?"

Mimi mwenye ulimi! Wifi akanigeukia. Alikuwa haelewi, kisha nikaona usoni anaanza kuelewa, pole pole, akirudi nyuma hadi Jumapili, hadi kwenye kamba ya nguo. Nikasema, nachemsha chai. Ndicho nilichosema. Nikaingia humu.

Kutoka chumbani kwake mama mkwe anaita: huyo si Kidoti huyo? Njoo umalizie, mjukuu wangu, siku ya sita hii sijalalia upande wa kushoto.

Mume wangu ameamka anauliza kura imekwendaje. Chai inafurika. Nachungulia. Wifi amekaa chini sakafuni, macho yako kwenye mlango huu wa jikoni, ananingoja. Kidoti bado yuko pale pale, vidole vya miguu kwenye kizingiti, na ile ya mistari anaifunga juu ya ile ya nyota.