Hitilafu Inayopumzika Jumapili

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumamosi, 8 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo wewe? Wifi je, na wale mapacha wangu? Kile kikohozi chako cha baridi kimekuachia? Mimi mwili hauna neno. Ila nimekata tamaa, sitakuficha.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi. Intaneti ya nyumbani imekufa kabisa. Simu ya mkononi nayo haishiki mtandao mpaka nitoke barabarani, na Baba siku hizi anaogopa kuvuka hata kizingiti, wala siwezi kumwacha peke yake.

Daktari alisema Baba asikie sauti yako mara kwa mara, kabla hajaisahau. Lakini wiki tatu sasa kila ukipiga kwa video unaganda mdomo wazi, unapotea, na Baba ananiuliza yule kijana kwenye kioo ni nani.

Fundi wa kampuni ya intaneti alikuja, akarekebisha, akanionyesha ukurasa wa ndani wa modemu. Kuna namba inayoonyesha ishara inavyoizidi kelele ya kwenye waya. Ikiwa ishirini, mambo safi. Ikishuka chini ya sita, laini inakatika. Nikawa naiandika kwenye daftari. Alipoondoka yeye ilikuwa ishirini na mbili. Kesho yake kumi na nne, kisha tisa. Chini ya namba hiyo kuna orodha ya saa laini ilipokatika: kila siku saa mbili na nusu asubuhi, isipokuwa Jumapili. Nilicheka peke yangu. Hitilafu gani hii inayopumzika Jumapili?

Jana, saa ilipokaribia, nikajibanza mlangoni mwa jikoni. Nikamwona Baba na shati lake la kazi, amefungua kisanduku cha simu pale koridoni, unapopita waya wa intaneti, koleo mkononi. Unajua miaka thelathini alikuwa fundi wa laini za simu, mikono haijasahau. Anakata waya, anaumenya, anausokota upya vizuri kabisa, halafu anaukata tena. Umebaki mfupi kama kidole.

Nilimnyang'anya koleo. Akakaa na viatu vya kazi mpaka adhuhuri, analia, ananiuliza kosa lake nini hata wamfukuze. Nikamrudishia. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Leo asubuhi amemalizia kilichobaki. Sioni pa kutokea, Chiriku, wala sina nguvu ya kumnyang'anya tena.

Njoo. Usingoje likizo.

Mama mdogo na mjomba wanakusalimu sana. Mshike wifi mkono kwa niaba yangu, wabusu mapacha, na Mungu akufungulie njia upesi. Baba hakutuma salamu, jina lako halikumjia. Ila leo alipofunga kisanduku alijifuta mikono, akaniita kama anavyoniita siku hizi: "Wewe dada wa ofisini, hebu mpigie mwanangu yule wa mbali. Mwambie laini yake nimeshaitengeneza, apige tu."

Nami nimekufikishia.

Wako akupendaye,
Dada yako.