Kopo la pilipili na debe la mama mdogo

Alhamisi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata migomba ya jirani sikuiona. Sasa jua linaelekea kuzama upande wa pili wa mlima, nami nimekaa kizingitini na simu mkononi. Miguu imechoka, moyo mweupe. Ni muda sijaandika hapa. Nilikuwa na jambo nalificha, na kila nikifungua ukurasa huu naufunga tena.

Leo nimeshuka mlima peke yangu.

Kwa mgeni wa hapa: kila siku isipokuwa Jumapili nabeba karoti na njegere kichwani, nateremka njia ya miguu hadi barabara inapoanzia, kisha sokoni Morogoro mjini. Mboga ni za mama mdogo, ndiye aliyenilea, na magoti yake siku hizi hayataki miteremko. Nisiposhuka mimi, mboga zinaharibika na meza yetu anapewa mwingine.

Mwezi uliopita, pale kijito kinapokata njia, mwanaume alitoka kwenye matete akanishika mkono. Sikupiga kelele. Nilimwaga karoti zote nikachomoka mbio. Nyumbani nikasema nimeteleza.

Tangu siku hiyo nikawa nashuka siku za gulio tu, wanawake wengine wanaposhuka. Siku nyingine nasingizia kichwa, mara tumbo, mpaka mama mdogo akaanza kuniangalia kama mtu anayehesabu miezi ya mimba. Mwenye meza jirani sokoni akanitumia ujumbe kwamba nafasi yetu inaulizwa. Nilijiona naipoteza hivi hivi, na bado sikuweza kuisogelea ile njia.

Aliyejua ukweli ni rafiki yangu Neema tu, yuko Dar. Wiki iliyopita akanitumia kwa basi kopo dogo la dawa ya pilipili, ya kumpulizia mtu machoni. Amelipataje, sikuuliza. Nikaliweka juu ya kabati nikiapa kwamba Jumatatu nashuka nalo.

Jumatatu ilikuwa mbali. Hapa kwetu kila mkulima wa mboga ana dawa yake ya pilipili: unatwanga pilipili kali na kitunguu saumu, unachanganya na maji ya sabuni, unanyunyizia wadudu. Mama mdogo ni bingwa wa dawa hiyo. Sasa aone kopo lenye picha ya pilipili nyekundu, afikirie nini? Jumapili alitoka misa, akalichukua, akaenda kuinamia kabichi zake na kubonyeza. Upepo ukamrudishia yote usoni.

Nilimkuta amekaa kwenye tuta anakohoa, machozi yanamtiririka, anawataja watakatifu mmoja mmoja. Nilimmwagia maji ndoo mbili. Alipopata sauti akaniuliza, "Mwanangu, dawa hii uliagiza ya kuua mdudu gani?"

Nikacheka. Halafu nikaangua kilio, nikamwambia yote.

Hakunigombeza. Jumatatu alifunga khanga mbili, akajipaka dawa ya magoti, tukashuka polepole hadi polisi, kopo likiwa ndani ya kikapu chini ya njegere. Nilitaka kujua kitu kimoja: naruhusiwa au siruhusiwi? Afande tuliyemkuta dawatini ni mwanamke wa umri wangu. Aliligeuzageuza kopo, akasema, "Dada, hili tunalihesabu kama silaha. Kulinunua na kutembea nalo kunataka kibali." Kibali chenyewe, alivyonieleza, kina safari ndefu ya barua, na hakuniahidi kwamba kingetoka.

Nilikasirika, nakiri. Nilimwambia kwenye njia ile wanaume wanapita na mapanga na hakuna anayewauliza kibali. Akanijibu kwa upole kwamba panga lina kazi ya shamba, na kwamba makopo kama haya wameshayakuta kwa vibaka, wanampulizia mtu halafu wanampora. Mpaka sasa naona si haki, na naona pia kwamba hakunidanganya.

Tukaliacha pale. Ila aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: huyo mtu umemripoti? Akaandika maelezo yangu yote, akanipa RB, namba ya taarifa yangu. Kesho yake mgambo wa kijiji walifika kijitoni, wakafyeka matete pande zote mbili.

Mama mdogo hakutosheka. Jumatatu ile ile, tukipanda mlima kurudi nyumbani, alisimama katikati ya njia. "Ngedere tunawapigia debe. Nguruwe tunawapigia debe. Mtu mbaya tunamnyamazia kwa nini?"

Jumanne na jana alizunguka nyumba sita zilizo kandokando ya njia, kuwaomba wapige madebe yao ya kufukuzia wanyama mahindini kila nikipita. Jana aliporudi alikaa muda mrefu bila kuvua khanga. Wanawake wanne katika nyumba hizo walimwambia kwamba wao pia waliwahi kushikwa pale kijitoni. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alisema ameteleza.

"Na mimi, mwanangu," akasema. "Kabla hujazaliwa."

Leo nilitoka kukiwa kumeanza kupambazuka. Debe la mama mdogo likalia nyuma yangu. Kabla halijanyamaza, likaitika la nyumba ya pili, kisha la tatu, mbele yangu kwenye ukungu. Niliogopa, sifichi tena hapa. Kijitoni hakuna nyumba, na nilijua pale nitapita kimya kimya.

Nikakanyaga jiwe la kwanza, na debe likalia ng'ambo. Bibi Paulina, mwenye nyumba ya mwisho, alikuwa ameteremka na uzee wake hadi ukingoni. Amekaa juu ya jiwe, debe mapajani, anapiga kama anampokea bibi harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita. Pita taratibu, usikimbie."

Sikukimbia.

Karoti ziliisha kabla ya saa nne, na meza bado ni yetu. Huyo mwanaume hajakamatwa, najua. Lakini kesho Leokadia, anayekaa juu yetu, atatangulia kushuka. Nimeshalitoa debe stoo na kuliweka mlangoni. Akifika usawa wa nyumba yetu, wa kwanza kumpigia ni mimi.