Swali Nililolibandika Baadaye

6 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi haba.

Umeniuliza somo la habari linafundisha nini hasa, maana baba mdogo anadhani nitatoka hapa nikisoma taarifa kwenye televisheni. Hata maikrofoni tumeishika juzi tu! Tangazo moja la sabuni tunalichambua wiki nzima: nani yumo pichani, nani kaachwa nje, nani kalipia. Insha ndiyo usiseme. Mwalimu anasema aliyekuja kutafuta mteremko atalia. Sasa kila mmoja atengeneze filamu fupi kuhusu kazi, na alama zake zinaingia kwenye mtihani wa mwisho. Naomba nikurekodi pale kiwandani mnaposhona sare.

Mwanao,
Mdadisi

15 Februari

Mwanangu Mdadisi,

Marahaba. Mgongo unalalamika kama kawaida yake, nami siusikilizi.

Tajiri wa kiwanda amekubali, tena kwa furaha, kwa kuwa binti yake unasoma naye. Njoo Jumamosi, lakini ole wako unirekodi nikipiga miayo. Na hiyo kamera ya shule ukiivunja, mimi sikujui.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi nina furaha tele.

Filamu imeonyeshwa ukumbini mbele ya wazazi. Unakumbuka nilivyokuomba unyamaze kidogo mbele ya kamera, nipate mngurumo wa cherehani peke yake? Ulitazama chini, ukawa unachezea kidole. Wakati wa kuhariri nikaona, kwenye picha za uani, kufuli kwa nje ya mlango wa nyuma. Basi nikarekodi sauti yangu hapa bwenini: "Mlango huu hufungwa mkiwa ndani?" Nikaibandika kabla ya kile kimya chako. Wazazi wakaguna ukumbi mzima! Mwalimu anasema ndiyo bora darasani. Tajiri wako alikuwepo, akaondoka bila kuaga.

Mwanao,
Mdadisi

14 Machi

Mdadisi,

Marahaba. Sina ugonjwa, lakini siko sawa.

Nimeitwa ofisini. Tajiri anasema nimemchongea. Nikamwambia hakuna aliyeniuliza swali hilo, akacheka: "Nimekuona kwa macho yangu." Amenipa hadi mwisho wa mwezi nithibitishe, la sivyo nitafute kazi kwingine. Wenzangu wananikwepa. Umenitia maneno mdomoni, nami mdomo sikuufungua! Nina hasira nawe, mwanangu, na nina hofu. Bila kazi hii hata wewe huko shule hubaki. Fanya haraka.

Mama

17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nimelia hadi mwenzangu wa kitanda cha juu akashuka.

Nimemweleza mwalimu kila kitu. Hakufoka, afadhali angefoka. Ameiondoa filamu kwenye kazi za mtihani, nianze upya. Jumatano atakuja kiwandani na picha zote, ambazo hazijakatwa. Tajiri ataisikia sauti yangu: "Mama, nyamaza kidogo, narekodi cherehani." Atajua hukuulizwa kitu. Tafadhali, mama, siku hiyo usiseme neno. Mwache mwalimu amalize.

Mwanao mkosaji

26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usilie tena, utaumwa kichwa bure.

Mwalimu wako alikuja, tukatazama sote ofisini. Tajiri akaisikia sauti yako, akaniomba radhi mbele ya msimamizi. Akasema kazi yangu ipo palepale. Nikashukuru, nikasimama nitoke.

Ndipo akanipiga begani kirafiki, anacheka: "Na kama angekuuliza kweli, ungejibu nini?"

Wenzangu walikuwa mlangoni, wametega masikio. Nikamwambia: "Ningesema ndiyo. Unafungwa kila asubuhi, na ufunguo unakaa mfukoni mwako."

Basi nakuandikia nikiwa nyumbani. Mchana ni mrefu, sijauzoea. Usijilaumu, safari hii maneno ni yangu mwenyewe. Kuhusu ada ya bweni nitaongea na baba yako mdogo, wewe rudi darasani.

Na hiyo filamu mpya, njoo uirekodi hapa nyumbani. Uniulize kwanza, ndipo nikujibu.

Mama yako